Damu inasema ndiyo, makohozi yanasema hapana

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa TB. Labda ni lile vumbi letu la Dodoma; likianza kuvuma Agosti kila mtu anakohoa na kila mtu anajishuku. Labda pia ni kwa kuwa kipimo cha damu cha TB, ambacho nilipoanza kazi ya maabara tulikuwa tunakisikia kwa watafiti tu, siku hizi kinatajwa kwenye fomu za vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo. Nimechagua barua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinagusa kazi niliyoifanya kwa mikono hii zaidi ya miaka ishirini. Nyingine nimezipitia haraka, wenyewe wanisamehe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Ipagala. Nimepata nafasi ya kusoma nje, na huko wakataka kipimo cha damu cha TB. Nikatolewa damu tyubu nne. Jibu likaja CHANYA, 0.41. Nikapelekwa kutoa makohozi, yakapimwa kwa GeneXpert: hakuna vimelea. Picha ya kifua: safi. Sikohoi, sijakonda, na jasho linanitoka nikiwa kwenye daladala ya saa nane mchana tu. Baada ya wiki tatu nikarudia kipimo cha damu maabara nyingine: HASI, 0.29. Baba yangu aliugua TB mwaka juzi, nilikuwa namuuguza mimi, akamaliza dozi akapona. Sasa nani mwongo? Na mchumba wangu siku hizi akija nyumbani anakuja na kikombe chake cha chai. (Mwalimu, Ipagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwongo hayupo. Umeulizwa maswali mawili tofauti, ukajibu yote mawili kwa haki, tatizo ni kwamba hakuna aliyekueleza kuwa yalikuwa mawili.

Kipimo cha makohozi kinamtafuta mdudu mwenyewe. Darubini inataka kumwona. GeneXpert inatafuta vinasaba vyake na jibu linatoka ndani ya saa mbili. Kipimo ulichotolewa damu hakimtafuti mdudu kabisa. Kinawahoji askari, zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Ndani ya tyubu kumepakwa vipande vya protini mbili za kimelea cha TB, zinaitwa ESAT-6 na CFP-10. Askari aliyewahi kupambana na TB akikutana na vipande hivyo anamtambua adui wake, anamwaga kemikali inayoitwa intaferoni gama. Sisi maabara tunaipima kemikali hiyo, basi.

Mfikirie mbwa wa nyumbani. Kibaka aliyempiga jiwe mwaka juzi akipita barabarani na shati lile lile, mbwa anabweka. Kubweka kwake hakukwambii kwamba kibaka yuko chumbani sasa hivi. Kunakwambia mbwa anamfahamu. Damu yako imebweka kidogo. Makohozi na picha ya kifua vimekagua vyumba, havikukuta mtu.

Utauliza kwa nini wenyeji wako hawakutaka ile sindano ya ngozi ya zamani, ya Mantoux, iliyoanza kutumika 1908. Ile unachomwa ndani ya ngozi ya mkono, unarudi baada ya saa 48 hadi 72, unapimwa uvimbe kwa rula. Dawa yake ni mchanganyiko wa protini nyingi, na nyingi kati ya hizo zimo pia kwenye BCG, chanjo ya TB. Nchi kama yetu, ambako karibu kila begani pana kovu, sindano hiyo inaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo tu. ESAT-6 na CFP-10 hazimo kwenye BCG. Calmette na Guérin, Wafaransa walioitengeneza, walikaa miaka 13 wakimwotesha kimelea wa TB ya ng'ombe upya na upya hadi akapoa ukali, na mtu wa kwanza akapewa chanjo hiyo 1921. Katika kupoa huko kimelea akapoteza kipande cha vinasaba kinachobeba protini hizo mbili. Hawakujua wakati huo. Walichokidondosha njiani ndicho sisi tunachokiokota leo kutofautisha kovu na maambukizi.

Sasa namba zako. Mstari wa kipimo hicho umechorwa kwenye 0.35. Aliyeufikia au kuuvuka anaandikiwa chanya, aliye chini hasi. Wewe una 0.41 na 0.29, yaani umesimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Mtu yule yule akitolewa damu leo na kesho, namba hazilingani. Tyubu ikijaa kidogo zaidi, ikichelewa saa mbili tatu, zinacheza. Ndiyo maana wako wataalamu wanaoliona eneo la kati ya 0.20 na 0.70 kuwa la mashaka, jibu lirudiwe kabla mtu hajaambiwa neno. Mimi ningependa kila maabara iandike namba kwenye karatasi ya majibu kama zilivyofanya hizo zako. Ile ya kuandika "chanya" peke yake kwa wino mwekundu imewakosesha watu usingizi bure.

Nikikusoma mimi, pamoja na kwamba ulimuuguza baba, naona inawezekana kabisa una TB iliyolala: vimelea wachache waliofungiwa ndani na askari, hawakuumizi wala huwaambukizi wenzako. Kwa wastani watu 5 hadi 10 kati ya 100 wenye hali hiyo huja kuugua maishani, na hatari kubwa iko kwenye miaka miwili ya mwanzo baada ya kuambukizwa. Wewe huenda bado uko humo. Kwa hiyo chukua karatasi zote, ya chanya na ya hasi, usifiche hata moja, nenda kliniki ya TB. Waambie uliishi nyumba moja na mgonjwa. Kuna dawa za kinga: isoniazidi kila siku kwa miezi sita, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Daktari atapima kama zinakufaa, hasa hali ya ini lako.

Mchumba mwambie arudishe kikombe kwao. TB iliyolala haiambukizi, na hata ile iliyoamka inapita kwenye hewa, mtu akikohoa chumba kimefungwa madirisha. Haikai kwenye chai.

SWALI: Dada yangu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo binafsi hapa mjini Dodoma. Tumeanza kupokea damu za kipimo hiki cha chembe za kinga, mjini hapa na nyingine tunaletewa kutoka Bahi na Mpwapwa. Majibu mengi mno yanarudi hayaamuliki, si chanya si hasi. Ukiangalia, tyubu ya zambarau iko chini. Bosi anasema vitendanishi ni vibovu tubadilishe kampuni. Unasemaje? (Mwenzako wa koti jeupe)

JIBU: Kaka, kabla ya kubadilisha kampuni badilisha njia ambayo damu inapita kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye inkubeta, lile kabati la joto. Sikudharau, nasema hivyo kwa kuwa nimepita hapo hapo na nilidhani najua.

Kwa faida ya wasomaji: zile tyubu nne za QuantiFERON-TB Gold Plus, ndilo jina la kipimo hiki cha damu, zina kazi tofauti. Ya kijivu haina kitu, inatuonyesha askari wakiwa wametulia. Ya kijani na ya njano zina vipande vya TB. Ya zambarau ina kichokozi kinachomwamsha askari yeyote aliye hai, awe ameiona TB au hajaiona. Zambarau ikiwa chini maana yake askari ni wachache, au wamezimia, au wamekufa. Na kama askari wamekufa, kimya cha tyubu ya kijani hakina maana yoyote. Huwezi kuandika "hasi" kwa ushahidi wa maiti.

Askari wanaweza kuwa wachache kwa sababu ya mgonjwa mwenyewe: VVU na CD4, aina ya askari hao hao, zilizoshuka sana, utapiamlo, dawa zinazoshusha kinga. Hao wapo na hatuwezi kuwalaumu. Lakini ukiona wanarundikana wiki moja, tena wengi wa kutoka njia moja, mshuku dereva kabla ya mgonjwa.

Mwaka fulani, maabara nisiyoitaja, mimi ndiye nilikuwa nakwenda Mpwapwa kuchukua damu. Nilikuwa nimefundishwa tangu chuoni kwamba sampuli nzuri ni sampuli iliyopoa. Nikazipanga tyubu zangu kwenye kuluboksi, barafu chini barafu juu, nikakaa nayo mapajani garini hadi Dodoma nikijiona mtu wa maana. Kesho yake zambarau kadhaa zikasoma chini. Nikarudia kusoma sahani, nikabadilisha pipeti, nikamlaumu fundi wa mashine. Mzee mmoja wa maabara, mstaafu sasa, akaniuliza swali moja tu: "Hiyo damu ilisafiri na nini?" Nikamwambia barafu. Akacheka, akasema, "Umewagandisha askari halafu unawauliza maswali." Damu ikishaingia kwenye tyubu hizi haitiwi friji. Inakaa kwenye joto la kawaida la chumba, na ndani ya saa 16 tangu itolewe iwe imeingia kwenye inkubeta ya nyuzi 37, ikae humo saa 16 hadi 24. Kila kipimo kingine nilichokijua kilikuwa kinapima kitu kilichokufa: sukari, kingamwili, vinasaba. Hiki kinampima kiumbe hai, na kiumbe hai anasikia baridi.

La pili, ambalo naamini ndilo linalowakamata ninyi wa mjini: Dodoma iko juu. Tumezoea kusema Dodoma ni tambarare, kweli ni tambarare, ila tambarare iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tyubu hizo hazina pampu. Zimefungiwa ombwe, na damu inavutwa na tofauti ya mgandamizo kati ya ndani ya tyubu na hewa ya nje. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, mvuto unapungua, damu inaingia pungufu. Mtengenezaji analijua hilo. Tyubu za kawaida ni za hadi mita 810. Kwa mita 1,020 hadi 1,875 kuna tyubu zake za nyanda za juu. Mzabuni aliyekaa Dar es Salaam, anayeiona bahari kwa dirisha, anakuletea za kawaida na hana kosa kwa sababu hukumwandikia. Mwandikie. Na wakati unasubiri mzigo, vuta damu kwa sirinji halafu weka mililita moja moja kwenye kila tyubu, inaruhusiwa.

Nyanyua tyubu usawa wa jicho. Pembeni kwenye lebo kuna kimstari cheusi. Hapo ndipo mililita moja. Kipimo kinavumilia 0.8 hadi 1.2, nje ya hapo tupa uchukue nyingine. Tyubu inajaa polepole, kwa hiyo usiichomoe damu ikionekana kusimama, ishikilie sekunde mbili tatu zaidi. Kama unatumia sindano yenye mrija, ile ya kipepeo, anza na tyubu ya kutupa ijaze mrija kwanza, la sivyo hewa ya mrija ndiyo itakayojaza tyubu ya kijivu nawe ushangae.

Kisha kutikisa. Vile vipande vya TB vimekaushwa kwenye kuta za ndani za tyubu, hadi kwenye shingo. Damu isipofika shingoni, nusu ya mtihani umebaki ukutani. Geuza mara kumi, kwa nguvu ya kutosha kuta zote zilowe damu. Mara kumi kweli, uhesabu kwa sauti. Nimewahi kusimama nyuma ya mtu nikahesabu nne. Ila usifanye kama unatikisa chupa ya soda uimwagie harusi. Ukitikisa kwa hasira unaivuruga jeli iliyo ndani na majibu yanapinda. Na wakati wa kutoa damu tyubu iwe na nyuzi 17 hadi 25. Chumba cha kutolea damu Bahi, Oktoba, saa saba mchana, chini ya bati? Nakuachia uweke kipimajoto humo.

Mpwapwa na Bahi ningeshauri hivi. Nunueni inkubeta ndogo iwekwe huko huko, yenye betri ya akiba kwa ajili ya umeme kukatika usiku. Damu ikishamaliza saa zake kwenye nyuzi 37, askari wameshatoa ushahidi wao na umo kwenye tyubu. Kuanzia hapo mna hadi siku tatu kabla ya kuizungusha kwenye mashine ya kutenganisha damu, na inaweza kusafiri hata kwa basi la jioni. Kama inkubeta haiwezekani, toa damu kwenye tyubu ya kawaida ya heparini ya lithiamu, ile inayozuia damu kuganda. Hiyo, tofauti na nilivyoonya juu, kwa toleo la Plus inaruhusiwa kukaa friji hadi saa 48, mradi bado haijagusana na vipande vya TB. Ikifika kwenu mnaigawa kwenye tyubu nne na moja kwa moja inkubeta. Kuna mtu atasema najipinga. Sijipingi. Askari aliyelala kambini anavumilia baridi kuliko aliyekwisha kuitwa vitani.

Umeniuliza kampuni nyingine. Ipo njia ya pili, T-SPOT.TB, iliyotokana na kazi ya Ajit Lalvani na wenzake Oxford, Uingereza. Mimi binafsi naipenda, naikiri. Huko unazichambua kwanza chembe nyeupe, unaziosha, unazihesabu, na kila kishimo kinapewa chembe 250,000. Kwa hiyo mgonjwa mwenye askari wachache hapunjwi, kwa kuwa wote wanapewa hesabu sawa. Kila askari aliyemtambua adui anaacha doa moja pale aliposimama. Ukiangalia kwenye lenzi ni kama mvua ya kwanza ya Desemba ikidondoka kwenye vumbi la uwanja: tone hapa, tone pale. Unaondoa madoa ya kishimo tupu, na yakibaki manane au zaidi ni chanya. Matano hadi saba ni mashaka, rudia. Lakini inataka mikono iliyofunzwa na damu iliyotolewa ndani ya saa nane, isipokuwa utumie kitendanishi cha nyongeza kinachoisogeza hadi saa 32. Kwa kituo chenye watu wawili maabara, nani atazihesabu chembe hizo wakati foleni ya malaria iko mlangoni?

Kitu ninachokisubiri kwa hamu ni kingine. Watafiti wamekuwa wakipima kemikali tofauti badala ya intaferoni gama, inaitwa IP-10. Askari akimwona adui, IP-10 inamwagika kwa wingi zaidi, kwa hiyo ni rahisi kuikamata, na inavumilia kukaushwa kwenye karatasi ya kuchujia. Unaikumbuka ile karatasi tunayodondoshea damu ya vichanga wa mama wenye VVU? Fikiria tone la Mpwapwa linafika kwako ndani ya bahasha. Haijawa kipimo cha kila siku, ila kama kuna mahali pa kuboreshea kipimo hiki kwa ajili ya barabara zetu, ni hapo.

Bosi msalimie. Mwambie kipimajoto ni bei nafuu kuliko mkataba mpya.

SWALI: Mbukwenyi. Mimi ni mfugaji wa Kongwa, sina elimu kubwa, huyu ananiandikia ni mjukuu. Daktari wa mifugo alinambia kipimo hicho cha damu kilianzia kwa ng'ombe. Nilimcheka. Ni kweli? Na ng'ombe anaweza kunipa mimi TB? (Mzee wa Kongwa)

JIBU: Mbukwenyi mzee wangu, shikamoo. Daktari wako yuko sahihi, mwendee na asali umwombe radhi. Kipimo hiki kilibuniwa Australia, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya ng'ombe, na ndipo baadaye kikahamishiwa kwa watu.

Sababu yake utaielewa kuliko madaktari wengi. Ng'ombe naye alikuwa anapimwa kwa sindano ya ngozi, na baada ya siku tatu inabidi aliyemchoma arudi apime uvimbe. Wewe mwenyewe unajua kumkamata ng'ombe mara moja ni kazi. Kumkamata yule yule mara ya pili, baada ya siku tatu, kundi limeshahamia kwenye maji mengine, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Wakatafuta njia ya kumwona mnyama mara moja tu: damu inachukuliwa, askari wake wanahojiwa maabara, ng'ombe anaendelea na malisho. Wagonjwa wetu wa binadamu nao ni hivyo hivyo. Wa kutoka Kibaigwa ukimwambia arudi keshokutwa kusoma mkono, nauli hana.

Na ndiyo, ng'ombe anaweza kukupa. TB ya ng'ombe ina kimelea chake, ndugu wa huyu wetu, na hapa Tanzania ameshapatikana kwa mifugo na kwa watu. Anapita hasa kwenye maziwa mabichi. Kwa watu hujitokeza sana kama tezi za shingo au tumboni kuliko kifuani. Kipimo cha damu hakiwatofautishi ndugu hao wawili, kwa kuwa wote wana zile protini mbili. Ukipatikana chanya hakitakwambia ulipata kwa jirani au kwa fahali. Tofauti inakuja kwenye matibabu: huyo wa ng'ombe hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne tunazoanza nazo, kwa hiyo ukiugua mwambie daktari kwamba unafuga na unakunywa mabichi. Najua utaniambia maziwa yaliyochemka hayana ladha. Wala sibishi kuhusu ladha. Chemsha.

SWALI: Mama, nina mtoto wa miaka mitatu, anakohoa wiki ya nne, amekonda. Hospitali wanataka makohozi, mtoto hajui kutoa, anameza. Kwa nini wasimpime hiyo damu tupate jibu? Jirani yetu tuliyepanga naye yuko kwenye dawa za TB. (Mama wa Nkuhungu)

JIBU: Mama, usisubiri gazeti lijalo, kama hujarudi hospitali, rudi leo, na sentensi ya kwanza kuisema iwe hiyo ya jirani. Ina uzito kuliko kipimo chochote nitakachokutajia hapa.

Damu hiyo haitatosha. Mtoto aliyeambukizwa tu na mtoto mgonjwa wote watabweka sawa, na mtoto mdogo aliyekonda anaweza asibweke kabisa hali ugonjwa upo. Shirika la Afya Duniani lilitamka 2011 kwamba katika nchi kama zetu kipimo hiki kisitumike kuamua nani anaugua TB. Kwa mtoto anayemeza makohozi kuna njia nyingine: maji ya tumboni huvutwa kwa mpira asubuhi kabla hajala, na siku hizi hata kinyesi kinapimwa kwa GeneXpert, maana alichokimeza lazima kitoke. Waulize kama wanapima kinyesi. Na hata vipimo vyote vikikosa, daktari anaruhusiwa kuanza dawa kwa kuangalia dalili, uzito, picha na huyo jirani.

Swali lako hata hivyo ndilo lililowahangaisha watafiti, na baadhi ya kazi nzuri kabisa imefanyika hapa nchini. Kati ya 2011 na 2012, Mbeya na Bagamoyo, watoto walioshukiwa TB walipimwa kwa namna mpya. Badala ya kuuliza kama askari anamfahamu adui, waliangalia sare yake. Askari anayemkumbuka adui wa zamani ana alama juu yake inayoitwa CD27. Aliye vitani hivi sasa ameivua. Wakawasoma kwa mashine ya jamii ile ile ambayo hospitali zetu zimeitumia miaka mingi kuhesabu CD4, jibu ndani ya saa 24. Matokeo yalitoka 2014: kilikamata kama watoto 83 kati ya kila 100 waliothibitika kuugua, na wasiougua kiliwaachia karibu 97 kati ya 100. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo lilikuwa jaribio la kuonyesha njia tu. Lakini nilipoisoma nilisimama jikoni ugali ukaungua. Kwa mara ya kwanza damu ilikuwa inaulizwa swali tulilokuwa nalo wodini: anaugua sasa, au aliwahi kukutana naye? Kwa mtoto wako leo, hata hivyo, kipimo hicho hakipo dirishani. Jirani na kinyesi vipo.

SWALI: Kuna duka la dawa mtaani wanapima TB kwa tone la kidole, dakika 15, kwa hela. Ni sahihi? (Kijana, Area D)

JIBU: Hapana. Vile vijiti vinatafuta kingamwili kwenye damu, havihusiani na hiki kipimo cha chembe hai, na Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kwa TB mwaka huo huo wa 2011 kwa sababu vinawaambia wazima kuwa wagonjwa na wagonjwa kuwa wazima. Nimeletewa mtu aliyeambiwa yuko salama kwa kijiti kama hicho. Makohozi yake yalijaa vimelea hadi darubini ikawa haina kazi ya kutafuta.

Umekohoa wiki mbili? Kipimo cha makohozi ni bure kwenye vituo vya serikali. Asubuhi, kabla hujala, sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini kabisa, nje kwenye upepo na si chumbani kwa watu. Funga kikopo vizuri. Na usiniletee mate, nitayajua kabla sijafungua.